Matuta ya Watu wa Juu

Siku ya pili ya matanga ya mama mdogo Leokadia, pale Milanzi, nilikaa kwenye benchi nyuma ya turubai na kuwasikia wanawake watatu wakichambua mchele upande wa pili. Hawakujua kwamba nipo. "Marehemu alikuwa na roho nzuri," alisema mmoja, "ila jembe lilimshinda. Kule bondeni walimpokonya shamba, mpunga pori ulilimeza lote." Mwenzake akapuliza makapi kwenye ungo. "Mpunga pori haummezi mtu mwenye mkono," akasema. "Unammeza mvivu." Wa tatu akamkemea: "We, usimseme maiti." "Simsemi. Nachambua mchele." Wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliokesha, kisha wakahamia kwenye bei ya mkaa. Nilibaki na kikombe cha chai mkononi mpaka kikapoa. Nina miaka arobaini na tisa. Katika vijiji vingi vya mkoa huu watu huniita mtaalamu wa magugu, ingawa shule yangu iliishia darasa la saba na mengine yote niliyapata kwenye vitini, redioni, na kwa kuinama shambani nikiangalia. Ningeweza kuinuka, nikazunguka turubai na kuwaambia wale wanawake neno moja tu. Sikuinuka. Kutoinuka ni kazi niliyoizoea tangu nikiwa na miaka kumi na tisa.

Mwaka huo nilishuka kutoka Kasense, huko juu uwandani, kwenda Mtowisa bondeni mwezi wa Juni, juu ya lori lililobeba maharage, nikiwa nimevaa sweta mbili. Lori lilipofika chini ya ukingo wa milima nilikuwa nimezivua zote na bado natokwa jasho. Mama mdogo, ambaye ni mdogo wake mama yangu, alikuwa mjane wa miaka miwili na alihitaji mtu wa jembe. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili. Kimoja alilala yeye na binti yake Eda, ambaye tulilingana umri. Kingine nililala mimi pamoja na magunia ya mpunga, majembe manne na kuku mmoja anayelalia mayai. Dirisha lilikuwa dogo kama daftari. Usiku chumba kilinuka pumba na joto halikutoka, na kwa kuwa ukuta haukufika juu hadi kwenye nyasi za paa, kila neno la barazani lilinifikia kana kwamba nimeambiwa mimi. Tulikula ugali wa mahindi na kambare wa kukausha. Wali ulipikwa Jumapili baada ya misa, na kabla ya kuupika Eda alikaa mlangoni akichambua punje nyekundu, moja moja, na kuwarushia kuku. Nilimuuliza punje hizo ni za nini. "Hizo ni za yule mgeni asiyeaga," akasema. "Utamjua. Utamjua mpaka umchoke."

Mgeni huyo ni mpunga pori, na sina budi kumweleza vizuri, kwa sababu ndiye aliyenilisha maisha yangu yote. Bondeni wakati ule hakuna aliyeotesha miche kitaluni na kuihamisha. Watu walipanda mbegu moja kwa moja shambani mvua zikishaanza. Anayehamisha miche huupa mpunga wake karibu mwezi mzima wa kutangulia; magugu yakiota, yanaukuta umesimama. Anayepanda mbegu moja kwa moja haupi chochote. Mpunga na magugu huamka asubuhi moja, vikiwa na kimo kimoja na rangi moja, na mpunga pori hufanana na mpunga kuliko ndugu wanavyofanana. Mama mdogo alinifundisha kuutambua kwa vidole. "Macho yatakudanganya," alisema. "Fuata shina mpaka chini ya udongo. Likiishia kwenye nywele, huo ni wetu, uache. Ukikuta kamba nyeupe inakwenda pembeni, yenye vifundo, huo siyo." Ndiyo maana kwao palizi haikuanza baada ya kupanda. Ilianza Juni, mpunga ukishavunwa na ardhi ikiwa bado na unyevu. Walilima kwa kina, wakazipindua kamba hizo juu, wakakung'uta udongo na kuziacha zikitazama jua Julai, Agosti, Septemba, mpaka zikawa zinakatika kama kuni. Kisha walizikusanya, wakazitoa nje ya shamba na kuzichoma. Mvua ya kwanza ikinyesha, hawakupanda. Waliyaacha magugu yaliyobaki yaote, wakayapitia kwa jembe juu juu, na ndipo mbegu ikaingia. Hapakuwa na kitini kilichoyaandika hayo. Nimekuja kuyakuta kwenye vitini miaka mingi baadaye, yakielezwa kama jambo jipya.

Mimi niliyaona kwa macho ya mtu wa juu, na niliona ufujaji. Kwetu uwandani nyasi hazichomwi. Kwetu mtu hukata nyasi pamoja na mizizi yake, akazilundika duara na kuzifunika udongo, likawa tuta la mviringo, ntumba. Ndani ya tuta nyasi huoza polepole, juu yake mtu hupanda maharage, na msimu unaofuata hulibomoa na kulisambaza, kisha ulezi humea humo kama umeitwa. Hicho ndicho kilimo nilichonyonya. Nyasi ni chakula cha udongo; anayechoma nyasi anamnyang'anya mtoto bakuli. Juu ya hayo nilikuwa na kitini kimoja kuhusu mboji, kimekatika jalada, ambacho nilikisoma mpaka nikakiweka kichwani, na daftari ambamo niliandika kila kitu kwa hatua na shubiri. Siku ya nne ya kulima nilianza kuzilundika zile kamba mbichi na kuzifunika. Mama mdogo alisimamisha jembe lake.

"Krispini, hizo usizifukie. Hizo hazifi."

"Mama mdogo, hata nyasi za kwetu ni ngumu. Zinaoza."

"Za kwenu ni nyasi. Hii inajua kukaa."

Nikamweleza. Nilizungumza kwa muda mrefu, nadhani, nikitaja joto la ndani ya lundo na wadudu wasioonekana, nikamwonyesha na ukurasa wenyewe wa kitini. Hakuwa mtu wa kusoma. Aliutazama ule ukurasa kama mtu anavyotazama picha ya mji asioujua, akafuta mikono kwenye kitenge chake. "Haya," akasema. "Wewe umesoma." Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote. Hakuwa ameridhika. Alikuwa amenipisha tu, kama mtu anavyompisha mgeni kiti kizuri.

Kwa wiki tatu nilijenga matuta katika majaruba yake yote, vile vipande vya shamba vilivyozungushiwa kingo. Yalikuwa mazuri, ya kimo kimoja, kwa mistari. Watu waliopita njiani walisimama kucheka. "Jamani, hapa kafiwa nani?" waliuliza, na Eda akawajibu bila kuinua kichwa, "Tumefiwa na akili. Kaka anazika." Shemeji yake mama mdogo, Silvesta, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, alipita siku moja na ng'ombe wake. Hakucheka. Alizunguka tuta moja polepole, akaligusa kwa fimbo, akanitazama. "Shikamoo, baba," nikamwamkia. "Marahaba. Watu wa juu mna kazi," akasema, akaenda zake.

Jioni hiyo, tukila, mama mdogo ndipo aliponieleza kwa nini Silvesta huja kutazama. Shamba lilikuwa la ukoo wa mumewe. Mjane huachiwa alime maadamu anaweza kulisafisha. Likimezwa na mpunga pori hadi mavuno yakakosekana, linarudi kwa ukoo, na kwa kuwa hakuna anayetaka kuling'oa upya, linakuwa malisho. Na ng'ombe wa malisho walikuwa wa Silvesta. "Kwa hiyo mimi silimi mpunga," alisema akimega tonge. "Mimi nalima nisifukuzwe." Eda akasema, "Mama, kula," na tukaendelea kula.

Novemba ilipofika nilibomoa matuta na kuyasambaza. Nilitarajia kuona udongo mweusi. Niliona udongo mweusi, ndiyo, na majani yaliyooza. Na katikati yake, nyeupe, zenye afya, zikiwa na vichipukizi vyenye ncha kama sindano, niliona kamba zile zile. Jua la miezi mitatu lililokuwa liziue, mimi nilikuwa nimezikinga nalo. Nilikuwa nimezitunza kwenye unyevu na kivuli kama mtu atunzavyo mbegu ya viazi, na jembe langu lilikuwa limezikata vipande vipande, kila kipande na kifundo chake, na kila kifundo ni mmea. Sikumwambia mtu. Hilo ndilo kosa langu la kwanza ambalo halikuwa la ujinga. Wakati ule bado palikuwa na wiki mbili au tatu. Tungeweza kuokota kwa mikono, sisi watatu, mchana kutwa, na tukaokoa hata nusu. Nilizifukia tena, kina cha majembe mawili kwenda chini, nikasawazisha, nikasema matuta yameoza vizuri.

Tulipanda Desemba kwa uzi na vijiti, mstari kwa mstari, kwa sababu kitini kingine kilisema mpunga wa mstari hupaliliwa kirahisi: chochote kilichoota katikati ya mistari ni gugu. Hilo ni kweli, nalifundisha hadi leo. Lakini Januari shamba letu halikuwa na katikati. Lilikuwa zulia moja la kijani, zuri mno, na wapita njia sasa walisifu. "Kijana wa juu kaweza!" Mama mdogo aliinama, akapenyeza vidole kwenye udongo, akafuata shina moja, kisha la pili, la tatu. Aliposimama uso wake ulikuwa umekuwa mdogo. Tulipalilia siku thelathini na tisa. Nilizihesabu kwenye daftari. Tuling'oa, na kilichong'oka kilikatikia chini, na kilichokatikia chini kikachipua viwili. Tulijaribu kuyazuia maji ndani ya jaruba ili yayazamishe machipukizi, lakini machipukizi yale yalinyonya chakula kwenye kamba zake na kuyavuka maji kabla ya mpunga wetu mchanga, uliozama. Machi mpunga pori ulitoa masuke kabla ya wetu, ukaziangusha punje zake ardhini kabla hatujafika na mundu, na kazi ya msimu uliofuata ikawa imeshamalizika bila sisi. Mikono ya mama mdogo ilipasuka kwenye viungo vya vidole. Usiku alimwomba Eda ampake mafuta ya taa, na nyuma ya ukuta nilimsikia akivuta pumzi kwa meno.

Katika wiki hizo nilisikia pia mazungumzo mengine kupitia juu ya ukuta, na nayaandika hapa kwa sababu yana uzito sasa ingawa wakati ule sikuyatilia maanani. Silvesta alikuwa barazani na mzee mwenzake, wakinywa pombe ya ulezi, wakimzungumzia jirani ambaye kibarua wake kutoka mbali alibomoa kingo na kuyamwaga maji ya shamba zima. "Kosa la mgeni," mzee alisema. "Mwenyeji hapokonywi kwa kosa la mgeni. Anapewa msimu mmoja." "Ndivyo," Silvesta akajibu, "mgeni akisema mwenyewe." Niligeuka upande wa pili nikalala.

Mei walikuja asubuhi, Silvesta na wazee wawili wa ukoo, wakakaa kwenye viti tulivyoazima. Walikuwa wameshapita shambani. Mama mdogo alikaa chini, kwenye mkeka, na Eda nyuma yake. Mimi nilisimama karibu na mlango, nimeshika jembe, sijui kwa nini, hapakuwa na cha kulima. Silvesta aliweka kamba moja ya mpunga pori mbele yao, ndefu kama mkono, imekatwa sehemu mbili na imechipua sehemu zote mbili.

"Hii ilifukiwa," akasema. "Kamba ya juani haiwi hivi. Nani alifukia?"

"Mimi," mama mdogo akajibu.

Wazee walitazama chini. Silvesta akainua uso, na hakumtazama mama mdogo, alitazama mlangoni. "Leokadia, nauliza tena mbele ya wazee. Nani alifukia?"

"Shemeji, nimesema mimi. Shamba si liko mikononi mwangu? Kosa liko mikononi mwangu."

Nilikuwa na sauti. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na madaftari mawili yaliyojaa. Niliogopa kicheko cha wale wapita njia, niliogopa kuitwa msomi kwa namna ile wanavyolitamka neno hilo, na nilijiambia kwamba kusema kwangu hakungebadilisha kitu, kwa kuwa mpunga pori hauulizi nani aliuzika. Hoja hiyo ilikuwa imepangika vizuri. Nimekuwa mtu wa hoja zilizopangika tangu siku hiyo. Mzee mmoja akasema, "Basi," na neno hilo likatosha. Kabla ya Juni ng'ombe walikuwa ndani ya jaruba.

Mama mdogo alipanda juu, akapanga chumba Milanzi, chumba hicho hicho alichofia, na humo aliishi miaka yote hii akiuza mkaa wa vipimo. Baridi haikumzoea. Nilikuwa nikimtembelea. Alinipikia chai kwenye jiko lile lile alilojipashia mikono, chini ya kalenda ya parokia, akaniuliza habari za mashamba ninayoyazungukia, na mara moja tu, nilipomwambia naitwa kufundisha hadi wilaya nyingine, alisema, "Waambie wasifukie." Alisema bila ukali. Nimewaambia. Katika kila mafunzo nasimulia habari za kijana mmoja wa uwandani aliyejenga matuta ya ntumba kwenye jaruba la bondeni, watu wanacheka, na somo halisahauliki. Nasema "kijana mmoja."

Siku ya tatu ya matanga niliombwa kusema neno kwa niaba ya ndugu. Nilikuwa nimeamka nalo. Nilisimama chini ya turubai, nikasema kwa ufupi na kwa mpangilio: kwamba inasemekana marehemu alishindwa na shamba, kwamba hakushindwa, kwamba kamba za mpunga pori nilizifukia mimi, alinikataza nikafukia, na alipoulizwa alinibebea, nami nilikuwepo na nikanyamaza. Nilikaa. Mnong'ono wa upole ukapita kwenye viti, na mzee wa jumuiya akanishika bega. "Mungu akubariki, mwalimu," akasema. "Kumsitiri marehemu ni sadaka." Yule mwanamke wa ungo, nilimtambua kwa sauti, alimwambia jirani yake, "Unaona mtu mwenye utu? Anajitwisha kosa la mama yake mdogo, na yeye ndiye bingwa wa magugu! Bingwa gani afukie mpunga pori?" Nilifungua mdomo tena. Hakuna aliyekuwa akisikiliza. Walikuwa wanagawa sahani.

Mtu mmoja tu aliniamini. Silvesta ni mzee sana sasa, jicho moja limeziba, alipandishwa juu kwa gari la mjukuu wake ili aje kuzika. Aliniita kwa fimbo nikachuchumaa mbele yake.

"Hukuwa na haja ya kuniambia mimi," akasema. "Niliyaona matuta yale Juni. Hakuna mwanamke wa bondeni anayejua kujenga tuta lile."

"Sasa kwa nini uliuliza, baba?"

"Ili useme. Niliuliza mara mbili. Wazee nilikuwa nimeshawaambia: kijana akisema, tunamwachia mama msimu mmoja."

"Na ng'ombe wako?"

"Ng'ombe wangu walitaka malisho," akajibu, "sikatai. Ila mlango uliuacha wazi wewe."

Sijui kama ni kweli wazee walikuwa wameambiwa, au kama na yeye amekuja Milanzi kutua mzigo wake na amekuta mgongo wangu karibu. Nimelipima jambo hilo kwa kila kipimo nilicho nacho. Nilipoinuka, Eda alikuwa amesimama nyuma yangu na birika na beseni. Nywele zake zimeingia mvi kabla ya zangu. Alikuwa amesikia yote.

"Mama alijua ungesema," aliniambia. "Alisema, Krispini atasema, siku ambayo kusema kwake hakutanisaidia kitu." Akainua birika. "Nawa, kaka. Chakula kinapoa."

Nilinyoosha mikono. Alimimina kwa muda mrefu, zaidi ya inavyohitajika, na mimi nikaacha amimine. Kisha nikaenda nikakaa na wanaume kwenye sinia. Wali ulikuwa mweupe, umechambuliwa na watu wanaojua kazi, na nilitafuta hadi chini ya sinia bila kuona hata punje moja nyekundu.